Diski ya Jana

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, si mtu wa porojo. Siku moja aliitwa kwenye zahanati ambayo kompyuta zake zote ziliungua jioni ya jana yake, arejeshe kumbukumbu za wagonjwa.

“Dada yangu ndiye aliyekuwa akiweka nakala,” daktari alimwambia. “Kila jioni aliandika tarehe kwenye diski, akaifungia kwenye kasha stoo. Tangu tumzike, miezi minne sasa, kila mtu alidhani ufunguo anao mwenzake.”

Umeme haukuwepo. Waliingia stoo na tochi, wakakata kufuli la kasha. Msumeno ulilia, kisha kimya.

Diski ya juu ilikuwa na mwandiko wa marehemu na tarehe ya jana. Fundi alipopitisha kidole juu yake, wino ukamchafua.