Mrija wa Mzee Vifungo

Wateja wangu wananiita Mama Chap. Jina hilo sikupewa bure. Ninauza chakula kwenye banda lililo karibu na gereji. Ukikaa, kabla hujavuta kiti vizuri, sahani iko mbele yako. Mafundi magari wana njaa na hawana muda. Mimi pia sina muda. Tunaelewana.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Wali na maharage kwenye sahani, kijiko cha plastiki juu yake. Soda, na mrija wa plastiki ndani yake. Mtu akishiba, kijiko na mrija vinatupwa. Hakuna kuosha, hakuna kukausha.

Nyumbani nipo na mume wangu. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na watu wanamwita Mzee Vifungo. Ulikuwa ukija kusalimia tu, naye akiona kifungo chako kimelegea, anakuvua shati hapo hapo na kukishona. Sasa mikono yake inatetemeka. Hospitali walisema ni ugonjwa wa neva. Hautapona, lakini dawa zinaupunguza. Cherehani ameiacha. Ukali hajauacha. Hataki kulishwa, wala hataki kushikiwa kikombe.

Alikuwa na njia yake ya kunywa. Kila asubuhi, kabla sijaondoka, nilimpangia glasi tatu nzito mezani. Mbili za maji, moja ya chai iliyopoa. Kila moja na mrija wake. Yeye hakuzinyanyua. Aliinama, akaushika mrija kwa midomo, akanywa taratibu. Mikono yake ilibaki mapajani. Akimaliza glasi moja, anahamia nyingine. Hakumwaga hata tone, na hakumwita mtu.

Siku moja bwana afya alikuja bandani. Alikuwa na gundi na karatasi kubwa.

"Mama, kuanzia mwezi ujao, mirija na vijiko hivi basi," alisema.

"Basi vipi? Maharage watayanywa?"

Alicheka. Akanipeleka nyuma ya banda, akanionyesha mtaro. Maji yalikuwa yamesimama. Juu yake kulijaa vijiko vyeupe na mirija ya kila rangi. Vingi nilivijua. Vilikuwa vyangu.

"Kijiko kimoja mteja wako anakitumia muda gani?" aliniuliza.

"Robo saa."

"Na humu mtaroni kinakaa miaka na miaka. Hakiozi. Kinavunjika vipande, vipande vinaziba mtaro, vingine vinakwenda mtoni. Mvua ikinyesha, maji yatapita wapi?"

 Mvua iliyopita maji yaliingia mpaka jikoni kwangu, nami nikailaumu mvua.

Bwana afya alibandika tangazo lake kwenye nguzo ya banda. "Ulisome lote, mama," alisema. "Usiishie juu."

"Nitalisoma."

Nilijifunza kusoma ukubwani, na kusoma ninajua. Lakini herufi ndogo zinanichosha, na siku hiyo sufuria ilikuwa motoni. Nikasoma zile kubwa za juu: MIRIJA NA VIJIKO VYA PLASTIKI VYA KUTUMIA MARA MOJA NI MARUFUKU. Nikaona nimeelewa. Nikarudi kwenye maharage.

Kusema kweli, bandani mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyodhani. Nilinunua vijiko vya chuma. Nikaweka mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la maji ya moto. Vijiko vinaoshwa, vinasuuzwa, vinazamishwa kwenye maji ya moto, halafu vinakauka kwenye chujio safi. Siku za kwanza mafundi walinung'unika. Mmoja wao tunamwita Spana, mdomo wake haujui kufunga. Alidai mrija wa soda.

"Mdomo umepewa wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kuongea, mama."

"Basi leo uutumie kunywea."

Alikunywa kwenye glasi, na hakufa. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka mirija. Mtaro ulizibuliwa, ukabaki wazi. Nikajiona mjanja kweli.

Lakini ujanja wangu uliishia bandani. Chumbani kulikuwa na pakiti mbili za mirija ya mzee. Nilidhani sheria inaingia mpaka chumbani. Bwana afya alipopita kukusanya plastiki iliyobaki, nilimpa sanduku zima la bandani, pamoja na pakiti zile. Sikumwambia zilikuwa za nani. Yeye angejuaje?

Kesho yake asubuhi mzee aliziangalia glasi zake.

"Mirija iko wapi?"

"Imekatazwa. Sheria ni sheria."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako."

 "Haya," alisema.

Jioni nilijaribu kumshikia kikombe. Mimi nina haraka, na kichwa chake nacho kinatikisika. Chai ilimwagika kifuani. Alilitazama shati lake, lile la bluu alilojishonea mwenyewe. Nikalisugua doa, likazidi kutanuka.

Nikatafuta njia nyingine. Nikakumbuka utotoni tulivyokuwa tunapuliza mapovu ya sabuni kwa bua la jani la mpapai. Lina tundu katikati, kama mrija. Nikakata moja uani kwa jirani, nikalitia kwenye glasi. Nilisahau kwamba mpapai una utomvu. Mzee alinyonya mara mbili tu. Midomo ikaanza kuwasha, ikamvimba.

"Unataka kuniua mapema?" aliniuliza. "Ngoja basi niandike wosia."

Tulicheka wote wawili. Baada ya hapo alisema, "Usihangaike, mama watoto. Mimi nitakunywa polepole mwenyewe. Wewe weka glasi zako, nenda kazini."

Nikafanya hivyo. Jioni niliporudi, glasi zote tatu zilikuwa tupu. Nikashukuru. Wakati wa kumeza dawa nilimshikia kikombe, akanywa mafunda mawili. Nikamwambia aongeze. Akasema hana kiu, amekunywa sana mchana. Nikaamini. Kuamini ni haraka kuliko kuuliza.

Siku zilipita. Mzee alianza kulala mchana kutwa. Midomo ilikauka. Alikuwa akienda chooni mara chache, na tumbo lilimfunga. Nikasema ni uzee.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Alinyanyuka kwenye kiti ili afungue dirisha. Magoti yakamwishia, akaanguka. Sikumbuki nilifikaje pale chini. Nakumbuka nimemshika kichwa, na macho yake hayakuwa yananiona. Nilifikiri ndiyo basi, mume wangu anakwenda hivi hivi mbele yangu.

Nilimpigia kelele Dada Mizani. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Anaishi nyumba ya tatu. Anaitwa hivyo kwa sababu hatembei bila mizani yake ya kupimia watoto. Alikuja mbio, mguu mmoja na kandambili, mwingine peku. Alimgusa mzee paji la uso, akamwangalia ulimi.

"Mama, mzee amekauka. Tunakwenda kituo cha afya sasa hivi."

Kituoni walimtundikia maji ya dripu. Kufika alasiri alifungua macho na kulalamika kwamba shuka lao limepindwa vibaya pembeni. Hapo nikajua amerudi. Nilikaa kwenye benchi, nikalia.

Dada Mizani alivuta kiti karibu na kitanda.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Daktari anasema mwili wako hauna maji. Mama anasema ulikuwa unamaliza glasi tatu kila siku. Sasa hayo maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Mzee alitazama dari. Dada Mizani hakumharakisha. Ingekuwa mimi, ningekwisha kuuliza maswali mengine manne.

"Dirishani," mzee alisema mwishowe. "Nilikuwa nayamwaga nje. Kumwaga ninaweza. Kunywa ndiyo shida."

 "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Unatoka kabla ya jua, unarudi umechoka. Nikuambie uache kazi ukae unishikie kikombe kama mtoto? Nilikuwa nawashonea watu suti mimi."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini na mimi nilikuwa na kosa langu, nikalisema. "Nilikunyang'anya mrija wako, nikakwambia sheria ni sheria. Nisamehe, baba watoto."

Dada Mizani aliinua kichwa. "Nani kakwambia sheria inamnyang'anya mgonjwa mrija?"

"Tangazo."

"Umelisoma lote?"

Nikatikisa kichwa. Alitoka, akarudi na karatasi. Lilikuwa tangazo lile lile. Hata kituoni walikuwa wamelibandika. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye herufi ndogo. "Soma hapa, mama. Polepole, hakuna anayekufukuza."

Nikasoma kwa sauti. "Mgonjwa au mtu mwenye ulemavu anayehitaji mrija ili aweze kunywa, anaruhusiwa. Aende kituo cha afya kilicho karibu naye."

Nikairudia mara ya pili. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mistari miwili tu, na ilikuwa kwenye nguzo yangu mwenyewe siku zote hizo.

"Kumbe," alisema mzee.

"Ndiyo kumbe," alisema Dada Mizani. "Sheria inataka tuache plastiki tusiyoihitaji. Fundi wa gereji ana mikono mizima, haihitaji. Wewe unaihitaji. Na hata wewe, mzee wangu, kuna kitu bora kuliko ile ya kutupa."

Lakini kabla ya kukileta aliuliza maswali.

"Ukinywa maji, unakohoa? Unapaliwa? Sauti inabadilika, inakuwa kama ina maji kooni?"

"Hapana. Koo langu zima. Mikono ndiyo imegoma."

"Vizuri. Ningesikia unapaliwa, nisingekupa mrija kabla daktari hajapima unavyomeza. Maji yakipita njia ya hewa yanaumiza mapafu. Hata nyumbani, siku ukianza kukohoa ukinywa, usinyamaze. Njoo."

Alimkalisha wima, mto mgongoni. Muuguzi mmoja wa kituo alikuja kuangalia. Dada Mizani akaleta kutoka stoo ya kituo mrija mnene, laini, wa mpira. Ukiukunja unakunjika, ukiuachia unarudi.

"Dukani niliona ya chuma," nilisema.

"Ya chuma ni mizuri kwa mwingine. Kwa mtu anayetetemeka inaweza kumgonga meno au kumchoma kaakaa. Huu hata akiuuma haumdhuru. Na unadumu. Haya mzee, funda dogo, meza, pumzika. Halafu tena."

Mzee aliinama, akashika mrija kwa midomo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Maji yalipanda. Koo lake likatembea. Alipumzika, akanywa tena. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na maji ya glasi yakawa yanashuka mpaka nusu. Pumzi yangu ikashuka nayo.

"Yana ladha ya mpira," alisema.

"Itaisha hiyo," alijibu Dada Mizani. "Sasa mama, sikiliza bila haraka. Kila akimaliza kuutumia, uoshe siku hiyo hiyo. Pitisha brashi hii nyembamba ndani, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Suuza. Usimamishe ukauke. Mrija ukilala na maziwa au chai ndani, unaota uchafu, na uchafu huo unamwingia tumboni. Ukiona umepasuka, njoo ubadilishe. Nawapa mitatu."

"Na wakati wa mchana, akiwa peke yake?"

"Glasi zake tatu alizozizoea. Na mtu wa kupita kumwona. Mimi naishi nyumba ya tatu, si nyumba ya mwezini. Mngeniuliza mapema. Kuuliza si ujinga."

Siku mbili baadaye tulirudi nyumbani. Sasa brashi ile inaning'inia kwenye msumari juu ya beseni, na mirija mitatu inasimama kwenye kopo. Ninaiosha mwenyewe, na siku nikichoka anaiosha Dada Mizani akipita. Choo mzee anapata bila shida. Usingizi wa mchana umepungua, ukali umeongezeka. Ninausikiliza kwa furaha.

Tangazo la nguzoni nimelisoma lote, toka juu mpaka chini. Halafu nimemsomea kila mteja aliyekaa kula. Mmoja aliacha kutafuna. Kumbe mama yake mzazi naye alikuwa na shida hiyo hiyo. Alimaliza chakula na kwenda moja kwa moja kituoni.

Juzi mzee alitaka kutoka. Tulitembea polepole mpaka bandani, nikamkalisha kwenye meza ya katikati, maana ya pembeni aliikataa. Nikamwekea glasi ya maji na mrija wake. Mafundi walimwamkia, kisha wakawa wanatazama pembeni, vile watu wanavyofanya wasipojua wafanye nini. Nikawa na wasiwasi. Tangu augue, ukiacha kituoni, alikuwa hajanywa kitu mbele ya watu.

Spana hakuweza kujizuia. "Mama Chap, huu ni upendeleo. Mzee ana mrija, sisi hatuna. Na sisi tunataka."

 Nilikuwa tayari kumpiga na mwiko.

Mzee aliinua mkono wake wa kulia juu ya meza, wote wauone. Ulikuwa unatetemeka. Tangu augue ulikaa mfukoni au chini ya meza, na neno "kutetemeka" halikuwahi kumtoka mdomoni mbele ya mtu.

"Tetemeka kwanza," alimwambia Spana, "utapewa."

Walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Spana alicheka kuliko wote, akaomba radhi huku anafuta machozi. Mzee naye alikuwa anacheka. Halafu aliinama mbele yao wote, akaushika mrija, akanywa maji yake mpaka chini.