Basema Alijua Kuleta Tu

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa mjini Baraka, saa sita na nusu mchana, na Suzanne alikuwa anasonga bugali. Sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilikwisha kuiva. Mama mkwe wake, Koko Immaculée, alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza mihogo iliyoanikwa. Merveille, binti yake wa pekee, mwenye miaka sita, alikuwa kwa jirani akicheza. Hapakuwa na jambo la kumtia mtu wasiwasi, ila Suzanne alikuwa amevaa nyeusi kwa mwezi wa nne sasa, na mumewe alikuwa bado ndani ya ziwa.

Bertin alikwenda Kazimia kununua samaki, upepo ukapindua mtumbwi. Wenzake watatu waliopolewa. Yeye hakuonekana, hata kiatu chake. Kilio kikakaliwa bila kaburi, na Koko Immaculée akaweka sharti moja, akalirudia mpaka likawachosha: mwaka mzima, mpaka kilio kitolewe na nyeusi zivuliwe, jina la mwanawe lisiitwe kwenye chakula.

"Mutu bado hatuyamuzika, hatumuite kula," alisema. "Akiitika, mutafanya je?"

Sasa lazima niwaeleze habari za mbwa, maana bila mbwa hakuna kisa.

Mbwa alikuwa wa Bertin. Majirani walimcheka, mtu mzima na ndevu zake, anamfundisha mbwa kama mtoto wa shule badala ya kumfunga kamba kama wengine. Naye akamwita mbwa huyo Basema. Maana yake, waache waseme. Alimfundisha hivi: alifunga kichwa cha samaki mkavu kwenye upindo wa gauni la Merveille, akamficha mtoto nyuma ya jiko, akatamka mara moja tu, "Leta Merveille." Mbwa akikamata upindo na kuvuta polepole, anasifiwa. Akigusa ngozi kwa jino, hapati kitu. Baada ya miezi miwili kichwa cha samaki hakikuhitajika tena. Ukitaja jina, Basema anakwenda, anakamata upindo wa nguo, anarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, macho yakimtazama anayemleta, mpaka amfikishe kwa aliyeagiza. Na tonge anapewa na yule aliyeletwa, si mwingine.

"Mwenye ameletwa ndiye atamupa," Bertin alikuwa akisema. "Ivi mbwa atajua kazi imeisha."

Kwa hiyo katika nyumba ile mama hakupaza sauti kuita watu kula. Alimtuma Basema. Mama Kulthumu, jirani mwenye kuswali swala tano, alipomwona mbwa anaingia uani kwake kumchukua Merveille, alikusanya kanga yake mpaka magotini na kupiga kelele, "We Basema! Usiguse nguo yangu ya sala!" Kisha akacheka. Hata yeye alikuwa akimpenda.

Neno la pili alilolijua mbwa huyo lilikuwa "chunga." Bertin akimwambia, "Chunga nyavu," Basema analala kando ya nyavu, hainuki mpaka Bertin mwenyewe ampige kichwani kwa kiganja, mara mbili. Mkono wa mtu mwingine haukufaa. Wakati mmoja Bertin alisahau, akapanda Fizi kwa shughuli za ofisini, akakaa siku mbili. Mvua ikanyesha. Suzanne akambembeleza mbwa, akampiga kichwani mara mbili kama alivyoona mumewe akifanya. Basema alimtazama tu, akabaki na nyavu mpaka mwenyewe aliporudi.

Basi, Jumamosi ile Suzanne akaepua sufuria na kuanza kama kila siku.

"Basema, leta Koko."

Mbwa akamleta mama mkwe kwa upindo wa kikwembe alichojifunga kiunoni. Koko akampa tonge.

"Leta Merveille."

Akamleta Merveille kutoka kwa jirani. Mtoto akampa tonge.

"Leta Papa."

Ulimi hauna mfupa. Kwa miaka mitatu, mpaka msiba, alitaja majina hayo matatu, la bibi, la mtoto, la baba, kwa mpangilio huo huo, na siku hiyo mkono ulikuwa kwenye bugali, akili iko mbali, mdomo ukamalizia wenyewe. Mazoea yana taabu. Koko Immaculée akaangusha sahani.

Basema alisimamisha masikio. Akatazama kigoda cha Bertin, kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Kisha akageuka, akatoka langoni, akaelekea ziwani.

"Muite arudi," Koko alinong'ona.

Walimwita. Lakini Basema hakuwahi kuacha kazi katikati. Hilo ndilo Bertin alilokuwa akijivunia kwa watu.

Bugali likapoa. Merveille akanawa mikono, akakunjua mkeka vizuri, akaenda kukiweka kigoda cha baba yake mahali pake. Hakuna aliyemkataza. Labda hapo ndipo walipokosea mara ya pili.

Kisha mbwa akarudi. Aliingia langoni kinyumenyume.

Kichwa chake kilikuwa chini, pale upindo wa suruali ya mtu mzima unapofika. Meno yalikuwa yameuma. Hayakuuma kitu. Manyoya yake yalikuwa makavu kabisa, ila kinywani maji yalikuwa yanachuruzika, na kila alipopita mchanga ulilowa. Alivuka uani hatua kwa hatua, macho juu, akimtazama anayemleta. Alifika penye kigoda. Akaachia.

Kigoda kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akikaa.

Basema akaketi mbele yake, akangoja. Halafu akafungua kinywa, akapokea, akatafuna.

Hakuna mtu aliyekuwa amempa kitu.

"Umemuita," Koko alisema, midomo haisogei.

"Ulimi umeteleza, Mama."

"Basi umwambie amurudishe."

Suzanne akajaribu. "Basema, rudisha Papa." Mbwa akainamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo anaposikia neno geni. Akajaribu "peleka." Akajaribu "toa." Mbwa akamtazama kwa huruma.

"Tulimufundisha kuleta," Suzanne alisema, na machozi yakamtoka. "Nani alimufundisha kurudisha?"

Tangu siku hiyo Suzanne hakutulia. Akikaa anainuka. Akiinuka anasahau alichoinukia. Katekista alikuja akasali, na wakati wote wa sala Basema alilala akikitazama kigoda. Jumatatu Suzanne akakichoma moto. Basema akaenda kulala penye majivu, akaendelea kutazama juu, kwa kimo kile kile.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba Merveille alikuwa na furaha. Alikula vizuri. Aliimba. Jumanne alimwomba mama yake blanketi.

"Ya nini na hili jua?"

"Ya Papa. Iko na baridi."

"Nani alikuambia?"

"Yeye."

Jumatano mchana Suzanne alikuwa anachagua mchele. Basema akasimamisha masikio ghafla, kama mbwa aliyetajiwa jina. Hakuna mtu aliyesema neno. Akainuka, akamwendea Merveille, akakamata upindo wa gauni lake, akaanza kuvuta kuelekea langoni. Suzanne akamrukia kwa ufagio. Alimpiga mpaka akaachia, yeye ambaye hakuwahi kumpiga mbwa yule.

"Nani amekutuma?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Alikuwa anajua. Aliyeitwa anaweza naye kuita. Na Bertin, alipokuwa hai, hakuweza kula bila mtoto wake kando.

Akamfunga Basema kwa kamba ya nailoni kwenye nguzo ya jiko, mafundo matatu.

Alhamisi, saa sita na nusu, aliingia ndani kuchota unga. Muda wa kujaza bakuli moja tu. Akasikia sauti ya Mama Kulthumu ng'ambo ya ua, na haikuwa sauti ya utani.

"Mama Merveille! Mbwa iko anapeleka mutoto ku ziwa! Kimbia! Mutoto iko anacheka!"

Kamba ilikuwa chini. Haikutafunwa. Mafundo yote matatu yalikuwa yamefunguliwa, na kamba imelowa.

Alikimbia. Aliacha kandambili njiani. Jua lilikuwa utosini na ziwa lilikuwa limetulia. Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa mbali, upande wa chini, wanaongea yao.

Basema alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, akirudi kinyumenyume. Upindo wa gauni ulikuwa kinywani. Merveille alikuwa majini mpaka magotini. Mkono wa kulia ameuinua juu usilowe. Ndani yake kulikuwa na tonge la bugali.

"Basema! Leta Merveille!"

Mbwa akasimama. Sikio moja likageukia kwake. Jingine likabaki limeelekea ziwani. Mwili wote ulikuwa unatetemeka.

Kisha akarudi nyuma hatua nyingine. Aliyeagiza kwanza alikuwa mwingine.

Suzanne akaingia majini, akamkamata mtoto kiunoni. Akavuta. Meno hayakuachia. Kazi haijaisha.

"Ngoja, Mama," Merveille alisema. "Bado kumupa tonge. Papa amesema nimupe tukifika."

Suzanne akampiga mkononi. Tonge likaanguka majini. Mtoto akalia. Na mbele yao, hatua kumi hivi, mahali pasipokuwa na kitu, maji yakaacha kucheza. Pakawa bapa. Palitosha mtu kusimama.

Hapo ndipo alipokumbuka nyavu. Alikumbuka ile mvua, na siku mbili.

Akainama mpaka kwenye sikio la mbwa. Alisema mara moja tu, kama alivyokuwa akisema Bertin.

"Basema. Chunga Papa."

Meno yakaachia.

Mbwa alimtazama. Suzanne angependa amng'akie, amuume, afanye lolote kuliko kumtazama vile. Kisha akageuka, akaogelea moja kwa moja mpaka pale penye maji bapa. Akazunguka mara moja, kama mbwa anavyozunguka anapotafuta pa kulala. Akateremka chini. Hakupiga maji. Hakurusha kichwa. Alilala tu, na maji yakaanza kucheza tena.

Merveille alilia wiki nzima, akamwambia mama yake kwamba anamchukia. Suzanne alikubali kuchukiwa. Afadhali chuki ya mtoto aliye hai. Yeye pia alilia, akiwa jikoni, kwa sababu alimpenda mbwa yule, na kwa sababu mchana sasa ilimbidi aite watu kula kwa mdomo wake.

Lakini nyumba ilitulia. Miezi ilipita, mchanga wa uani mkavu, masikio ya mtoto yakimsikiliza mama yake tu. Koko Immaculée akaanza hata kutaniana tena na Mama Kulthumu.

Mwaka ukatimia. Siku ya kutoa kilio ndugu walishuka kutoka Fizi, wengine wakaja kutoka Swima, uani kukajaa sufuria na viti. Kabla ya chakula Suzanne aliingia chumbani kuvua nyeusi. Alikuwa ameweka kikwembe kimoja cha siku hiyo, kile alicholetewa na Bertin kutoka Kazimia safari ya kabla ya ile ya mwisho, hakijavaliwa hata mara moja. Kilikuwa chini kabisa ya valizi, sanduku lake la nguo, chini ya nguo za Merveille. Ufunguo wa valizi ulikuwa shingoni mwake mwaka mzima.

Akafungua. Nguo za Merveille zilikuwa juu, kavu, zinanuka sabuni. Akachomoa kikwembe.

Upindo ulikuwa umelowa. Ulikuwa na matundu manne, mawili juu, mawili chini, madogo, safi, bila kuchanika popote.

Mbwa yule alikuwa ameachwa alinde. Na duniani palikuwa na mkono mmoja tu ulioweza kumwinua, ukimpiga kichwani mara mbili.

Suzanne alipiga magoti, akashika nguo za mtoto moja moja, gauni, sketi ya shule, sweta, akipitisha kidole kwenye kila upindo. Hakuna tundu. Akapitisha tena mara ya pili. Hakuna.

"Asante, Mungu wangu," alisema, na alikuwa anamaanisha.

Nje Koko alikuwa anamwita, watu wanangoja. Suzanne akajifunga kikwembe kingine. Kile chenye matundu alikikunja polepole, akakirudisha ndani ya valizi, akakiweka juu kabisa, juu ya nguo za Merveille, ili Basema akija tena aanze na nguo yake yeye, si ya mtoto.