Mbuyi Amekua, Ugonjwa Je?

Kila asubuhi, nyumbani kwake katika mtaa wa Makomeno, Mama Hortense huwasha makaa, huteleka chai, kisha huanza kutafuta vitu vya mwanawe. Ufunguo. Simu. Kiatu kimoja. Mwanawe si mtoto. Mbuyi ana miaka ishirini na saba, ana ndevu, na ni fundi wa friji anayesifiwa mtaani. Tatizo lake ni moja: hufungua friji ya leo kabla hajafunga ya jana. Ua mzima umejaa friji zilizo wazi, na wenyewe wanapita kuuliza.

Mbuyi alipokuwa darasa la tatu, daktari alisema mtoto ana tatizo la umakini. Hatulii, hasikilizi mpaka mwisho, hawezi kungoja. Alisema pia kwamba watoto wengine hupata nafuu wakikua. Mama Hortense alishika hilo la mwisho tu. Mbuyi alipokuwa kijana akaacha kukimbiakimbia, basi mama akajua ugonjwa umekwisha.

Jumapili moja Mbuyi alitakiwa kwenda kujitambulisha kwa mjomba wa Edith, mchumba wake. Mjomba alivaa koti, akaalika wazee, akangoja. Mbuyi hakutokea. Alikuwa uani, ameinama juu ya mota ya friji, amesahau kabisa.

Kesho yake Edith alikuja kwa Mama Hortense. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha mama zaidi.

"Mama, mi sielewe," alisema. "Mbuyi anasahabu ao ananizarau? Kama njo maladi, nitavumilia. Kama njo zarau, tuishie paka hapa."

Mama Hortense alichanganyikiwa. Ni ugonjwa, au ni dharau? Ugonjwa wa watoto unafanya nini kwa mtu mwenye ndevu? Na kama hana umakini, mbona anatazama mpira mpaka mwisho bila kutikisika? Lakini Edith alitaka Mbuyi akapimwe, naye mwenyewe alikubali upesi. Aibu ilikuwa imemchosha.

Walikwenda watatu kwenye kituo cha afya ya akili. Walipokelewa na mwanasaikolojia aitwaye Agnès. Mama alitazama huku na huku akitafuta sindano, lakini Agnès alimwambia hakuna kipimo cha damu kwa jambo hili. Kipimo chenyewe ni kuuliza, na kuuliza vizuri. Akamwuliza Mbuyi habari za kazi, usingizi, pombe, huzuni na wasiwasi, kwa sababu hata hayo huweza kutawanya mawazo ya mtu.

Kisha akamgeukia mama. Mbuyi alikuwa mtoto wa namna gani, kabla ya kufika miaka kumi na miwili?

Mama Hortense akamtazama Edith. Katika ukoo wao, uchumba ukianza, kila upande huulizia magonjwa ya upande wa pili. Mama wa kijana hafungui kinywa ovyo mbele ya mkwe.

"Alikuwa mutoto mupole, dokta," akasema. "Anakaa kimya, anasoma muzuri. Hakukuwa mambo."

Mbuyi akamkodolea macho. Ni nani huyo anayesifiwa? Agnès akaeleza pole pole. Tatizo hili huanza utotoni. Kama Mbuyi hakuwa na dalili alipokuwa mdogo, basi lazima watafute sababu nyingine ya usahaulifu wake.

Edith akainamisha kichwa. Mama akaona machozi, ndipo akaelewa: kama si ugonjwa, Edith ataona ni dharau. Alitaka kuokoa ndoa, na sasa ndiye anayeivunja. Moyo ulimwuma sana.

"Dokta, nimesema bongo," akakiri uongo wake. "Lakini na mi sielewe. Ile maladi si ya batoto? Yeye hakimbiake tena."

"Kwa bengine inapunguka, mama," Agnès alijibu. "Kwa bengine inabakia, lakini inabadilika. Mutoto anakimbia na miguu. Mukubwa anakaa kwenye kiti, njo mawazo inakimbia."

"Na mpira?"

"Kintu anapenda inamushika. Kazi ya kila siku njo inamushinda. Si bulegevu."

Basi mama akasimulia yote. Alimtuma Mbuyi chumvi, akamkuta kwenye reli anatazama gari-moshi. Aliungua mkono kwa sababu hakuweza kungoja viazi vipoe. Mwalimu alimkalisha karibu naye kila mwaka, na bado alimaliza nusu ya zoezi. Edith alisikiliza. Alimshika Mbuyi mkono, naye Mbuyi hakujua acheke au alie.

Kazi haikuisha siku hiyo. Agnès alizungumza pia na Edith, kisha na bosi wa zamani wa Mbuyi, maana dalili zinapaswa kuonekana katika sehemu zaidi ya moja. Daktari wa kituo naye alimpima kuona kama kuna ugonjwa mwingine. Mwishowe wakasema: tatizo la utotoni bado lipo. Mbuyi akajifunza kumaliza friji moja kabla ya kupokea nyingine, na kuweka kengele kwenye simu kwa kila ahadi. Daktari alimwanzishia dawa, na anamfuatilia. Siku mbaya bado zipo, lakini zimepungua. Agnès alimwambia jambo moja zaidi: mjomba bado anastahili kuombwa msamaha.

Mbuyi akaenda na mama yake, safari hii mapema. Akaomba radhi. Kabla mtu hajaulizia magonjwa, Mama Hortense akasema mwenyewe kila kitu, mbele ya wazee wote.

Mjomba, aliyevaa tena koti lake, akafikiri. "Na bajukuu?" akauliza.

"Inaweza kubafikia, papa," Mama Hortense alisema. "Kama itabafikia, mi njo nitakuwa wa kwanza kusema."

Mjomba akavua koti lake, akamwambia Edith awaletee wakwe chakula.