Halua ya Moosa na Picha ya Kuazima

Moosa Fahd na mkewe Widad walikuwa wapishi wa halua mjini Wete. Walipika kila Alhamisi, katika ua wa nyumba yao, nyuma ya soko, na kuuza katika duka dogo la mbele. Ukipita njia ile asubuhi, harufu ya iliki na zafarani ilikupokea kabla hujaiona nyumba.

Moosa alishika mwiko mrefu kwa mikono miwili. Alikoroga bila kupumzika, kwa sababu halua ukiiacha kidogo tu hushika chini na kuungua. Widad alipima sukari, wanga na samli. Mama yake Moosa, Bi Umkulthum, alikaa pembeni akipanga vikapu vidogo vya ukili vya kutilia halua.

Kazi hiyo waliirithi kwa marehemu Mzee Fahd, baba yake Moosa. Zamani mtu akitaka halua ya harusi, ya hitima au ya Idi, aliambiwa: "Nenda kwa Fahd." Hapakuwa na haja ya tangazo.

Lakini watu waliokuwa wakisema hivyo walipungua. Wengine walifariki. Wengine walihamia Unguja, Dar es Salaam na Maskati kwa watoto wao. Na wajukuu wao, wakitaka kitu, hawakuuliza barazani. Waliuliza simu.

Mwaka huo uchaguzi ulikuwa umekwisha. Bendera za vyama zilikuwa zikichakaa juu ya nguzo, na watu barazani walikuwa wamerudi kuzungumza habari za karafuu. Alhamisi moja halua ya Moosa ilibaki. Alhamisi iliyofuata ikabaki tena. Widad aliigawa kwa majirani.

"Pengine tupike mara moja kwa mwezi," alisema Moosa.

Bi Umkulthum aliacha vikapu. "Mara moja kwa mwezi? Basi hiyo si kazi tena, mwanangu. Hiyo ni kumbukumbu."

Moosa alichukua mwiko akaanza kuuosha. Neno lile lilimkaa moyoni.

Mtaa wa pili palikuwa na kijana aitwaye Bakar. Alikuwa na duka la simu. Siku moja alimwambia Moosa, "Kaka, wewe huonekani mtandaoni. Ndo maana huuzi. Mie ntakufungulia ukurasa, na ntakupatia wafuasi elfu kumi."

"Wafuasi ndio nani?" aliuliza Moosa.

"Watu wanaoufuata ukurasa wako. Wakiwa wengi, kila mtu atasema huyu ni mkubwa."

Bakar alifungua ukurasa, akaujaza wafuasi elfu kumi kama alivyoahidi. Akatafuta picha mtandaoni, akaiweka juu. Ilikuwa picha ya halua ya manjano inayong'aa, ndani ya sinia la rangi ya dhahabu, imepambwa lozi juu mpaka pembeni.

Widad aliitazama. "Hii si halua yetu. Yetu ni ya rangi ya kahawia, na tunaitia kwenye vikapu."

"Halua ni halua, dada," alisema Bakar. "Kila mtu anafanya hivi."

Moosa alitaka kusema hapana. Lakini alikumbuka halua iliyobaki wiki mbili mfululizo. Akaiacha picha ile.

Baada ya muda mfupi ujumbe ulikuja kutoka Unguja. Mama mmoja, Bi Mwatum, alikuwa anamwoza binti yake. Alitaka halua nyingi. Moosa alifurahi sana. Alipika kwa uangalifu kuliko siku zote. Halua ikatoka laini, tamu, yenye harufu nzuri. Wakaipakia kwenye meli.

Siku ya pili Bi Mwatum aliandika kwenye ukurasa, mahali ambapo kila mtu anasoma: "Nimeagiza halua ya kwenye picha. Nimeletewa nyingine kabisa. Nimeaibika mbele ya wakwe zangu. Jihadharini na watu hawa."

Habari haikukaa Unguja. Ijumaa, baada ya sala, mtu mmoja alimwuliza Moosa mlangoni mwa msikiti, "Umemfanyani mama wa watu?" Watu wengine waligeuka kusikiliza. Moosa alivaa viatu vyake haraka akaondoka.

Alifika nyumbani kwa hasira. "Halua niliyompelekea ilikuwa nzuri!"

"Ilikuwa nzuri," alisema Widad. "Lakini siyo aliyoiona."

Bi Umkulthum alisema taratibu, "Baba yako alikuwa akimwonjesha mteja kwanza. Mteja akiridhika, ndo anapima. Sasa mtu aliye mbali ataonja vipi? Picha ndiyo kijiko chake cha kuonjea. Na nyinyi mmemwonjesha halua ya mtu mwingine."

Moosa aliinama. Katika maisha yake hakuwa amepata kupunja mizani. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupunja kwa picha.

Widad alikuwa na dada yake, Rawya, mwalimu Chake Chake. Rawya alimweleza kwamba palikuwa na ofisi ndogo mjini kwao inayosaidia wafanyabiashara kujulikana mtandaoni. Kazi yao ilikuwa hiyo tu. Widad alipiga simu. Alhamisi iliyofuata, akaja mfanyakazi wa ofisi ile, mwanamke aitwaye Zulekha.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alimsalimu Bi Umkulthum.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Onja kwanza."

Zulekha alionja, akasifu. Kisha akaanza kuuliza. Nani hununua halua hii? Hukaa muda gani bila kuharibika? Mtu wa Tanga akiitaka, anaipataje? Duka hufunguliwa lini? Widad alijibu. Moosa alikuwa akikoroga huku akisikiliza, na subira ikamwishia.

"Utatuongezea wafuasi lini?"

Zulekha alimwambia amalize kazi kwanza. Alingoja halua iive na Moosa anawe mikono. Kisha akampa simu yake. "Kaka Moosa, jifanye wewe ni mteja. Uko Dar es Salaam. Umesikia habari za halua ya Fahd ya Wete. Itafute."

Moosa aliandika. Jina la duka lilitokea mara tatu, kila mara limeandikwa kwa namna yake. Kwenye ramani ya mtandaoni, duka lilikuwa katikati ya mikoko.

"Duka langu liko baharini!" alisema Moosa. Widad alicheka.

"Mgeni akiifuata ramani hii atalowa," alisema Zulekha. "Sasa tazama namba ya simu."

Moosa aliisoma namba. Akaisoma tena. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni namba ya baba."

Widad akaacha kucheka. Mzee Fahd alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Pengine mteja fulani wa zamani ndiye aliyeiweka namba ile, kwa nia njema. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa tangu siku ya mazishi.

"Kumbe watu walikuwa wanatutafuta," alisema Moosa polepole. "Miaka yote hii. Walikuwa wakimpigia baba, na baba hayupo."

Bi Umkulthum alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ndiyo sababu nimekupa simu utafute mwenyewe," alisema Zulekha. "Mteja hawezi kununua asipokupata. Jina liwe moja kila mahali. Mahali pawe sahihi. Namba iwe ya mtu anayepokea. Hayo huja kabla ya kitu kingine chochote."

"Na wale wafuasi elfu kumi?"

"Hao wamenunuliwa, ni majina matupu. Fungua ukurasa uone. Hakuna hata mmoja anayeuliza halua inapatikana wapi. Ni sawa na kupanga viatu vingi mlangoni mwa msikiti. Mpita njia atadhani msikiti umejaa, lakini ndani hakuna anayesali."

Moosa aliufungua ukurasa, na maneno ya Bi Mwatum yalikuwa pale pale, mwanzo. "Haya basi," alisema, "anza kwa kuyafuta haya."

"Naweza kuyaficha," alisema Zulekha. "Lakini nikuulize kwanza. Mama huyu amesema uongo?"

Moosa aliyasoma tena maneno yale. "Hapana."

"Basi tukiyaficha atayaandika kwengine, na atakuwa na haki. Kazi yetu ni kumsaidia mtu aonekane alivyo. Hatuwezi kumtengenezea sura nyingine. Mjibu. Mie ntakusaidia kupanga maneno, lakini maneno yawe yako."

Jibu hilo lilimchukua Moosa muda mrefu kuliko kupika halua. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akaandika hivi: "Bi Mwatum, una haki. Picha ile haikuwa ya halua yetu. Nilikosea kuiweka. Nakuomba radhi wewe na binti yako. Nitakurudishia fedha zako. Moosa Fahd, Wete." Na kweli alimrudishia.

Kabla ya kuondoka, Zulekha aliuliza, "Nywila ya ukurasa huu anayo nani?"

Nywila ni neno la siri la kufungulia ukurasa. Moosa hakuwa nayo. Alikuwa nayo Bakar.

"Nywila ni ufunguo wa duka," alisema Zulekha. "Ofisi yetu inaweza kukusaidia kazi, lakini ukurasa ni wako na ufunguo ni wako. Siku ukiona hatufai, unatuaga, na duka linabaki kwako. Tutaandikiana mkataba useme hivyo, na useme tutafanya nini na kwa malipo gani. Mtu akikataa kukupa ufunguo wa duka lako, usifanye naye kazi."

Moosa alikwenda kwa Bakar. Hakumgombeza. Bakar naye alikuwa amesoma yale maneno ya Bi Mwatum, na aliona haya. Alitoa nywila, na Moosa akaibadilisha pale pale.

Wiki iliyofuata Zulekha alikuja na mwenzake, Usama, mpiga picha. Hapo likazuka jambo. Bi Umkulthum alisema, "Mie sura yangu haiendi huko."

"Na mimi pia," alisema Widad.

Usama alidhani kazi imeharibika. Lakini Zulekha alisema, "Hapana neno. Nyumba ina sitara yake. Hakuna picha itakayotoka bila nyinyi kuiona na kuiridhia."

Basi Usama akapiga picha za mikono tu. Mikono ya Bi Umkulthum ikifunga kikapu. Mikono ya Widad ikitwanga iliki. Akampiga picha Moosa akiwa na mwiko wake, jasho likimtoka. Akaipiga picha halua yenyewe, ya rangi ya kahawia, ikiwa bado na mvuke. Widad alizitazama picha zote. Alikataa mbili, na zile mbili zikafutwa mbele yake.

Chini ya picha waliandika mambo ambayo mteja huuliza: halua imetiwa nini, hukaa muda gani, hupikwa siku gani, huagizwa vipi, husafirishwa kwa meli gani. Widad alichukua kazi ya kujibu ujumbe. Zulekha alimfundisha kujibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni "hatuna".

"Sasa tutauza?" aliuliza Moosa.

"Siwezi kukuahidi," alisema Zulekha. "Anayekuahidi wingi wa wateja kwa wiki moja, mwogope. Ntakuahidi kwamba anayekutafuta atakupata."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wafuasi wa kununua waliondolewa, na ukurasa ukaonekana mtupu. Moosa aliona kama amerudi nyuma. Bi Mwatum alijibu maneno machache tu: "Nimepokea radhi zako." Hakuagiza tena.

Lakini siku moja simu ya Widad iliita. Alikuwa mwanamume wa Tanga. Babu yake alizaliwa Wete, na walikuwa na hitima yake. Alitaka halua ya kwao.

"Umetujuaje?" aliuliza Widad.

"Nimewaona kwenye simu. Nikasoma mlivyomjibu yule mama wa Unguja. Nikasema, watu hawa wakikosea wanakubali. Ndiyo nimepiga."

Widad alimpa Moosa habari ile. Moosa aliendelea kukoroga halua, lakini mkewe aliona anatabasamu.

Wakaja wengine, mmoja mmoja. Daktari wa Chake Chake. Familia ya Mombasa. Wageni wawili waliokuja kutembea Pemba, ambao waliifuata ramani mpaka mlangoni bila kuuliza mtu. Kila aliyeridhika Widad alimwomba aandike aliyoyaona. Halua ikaacha kubaki. Ilipokaribia Idi, walipika Jumatatu pia, na bado maombi yalizidi sufuria.

"Tununue kwa wapishi wengine, tuuze kwa jina letu," alisema Moosa. Alipomaliza kusema, alijiona anataka kurudia kosa la ile picha. Akatikisa kichwa. "Hapana. Waambie tumejaa. Na waelekeze kwa Mzee Nyange."

Mzee Nyange alikuwa mpishi wa halua pia, upande wa pili wa mji. Alikuwa mtu wa rika la marehemu Fahd, na duka lake lilikuwa limelala kwa muda mrefu. Widad aliwapa wateja jina lake na namba yake.

Baada ya Idi, Mzee Nyange alikuja mwenyewe. Alikaa, akanywa kahawa, akasitasita.

"Watu wamenijia kutoka kwenu," alisema. "Allah awalipe kheri. Lakini nimesikia nikitafutwa kwenye simu sipo. Mie hayo mambo siyajui. Naweza kuonekana na mie?"

"Unaweza, mzee," alisema Widad.

Walikwenda pamoja dukani kwake. Widad alirekebisha jina, akaweka duka mahali pake kwenye ramani, akapiga picha ya halua iliyokuwa juu ya meza. Kisha akampa mzee simu aitazame.

Mzee Nyange aliisogeza simu karibu na macho. Akaitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Hii kweli ni ya kwangu?"

"Ya kwako, mzee. Watu wote wataiona."

Mzee Nyange alimrudishia simu, akasimama, akaanza kukunja mikono ya kanzu yake.

"Basi isubiri kidogo," alisema. "Hii niliipika kwa kuchoka. Ntapika nyengine, kama nilivyokuwa nikipika. Njoo Alhamisi uipige picha hiyo."