Mkanda wa Mabamba Sita

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi moja ya Februari 1996, kiatu cha raba kipana kama mguu wa bata kilikuwa kikielea kwenye timbo la mawe nyuma ya mtaa wa Kayole. Masinde, mlinzi, alipiga simu polisi. Kufikia saa mbili mwili wa Nzuki, mzamiaji, ulikuwa umevutwa ukingoni kwa ndoano, mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa uzito kiunoni.

Timbo hilo lilijaa maji ya mvua zamani, na sasa lina perege na kambale. Nzuki alikuwa akizamia kutafuta walikojificha samaki. Luseno, mchuuzi wa samaki kutoka Umoja, alikuwa akitupa nyavu. Ijumaa mchana wawili hao walisikika wakigombana. Kufikia adhuhuri ya Jumamosi Luseno alikuwa seli. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji, na adhabu yake ni kitanzi.

"Ulisema utamzamisha?" Inspekta Muhonja alimwuliza.

"Nilisema, afande. Perege walikuwa wamebeba watoto mdomoni, akanikataza kutupa wavu. Nilikasirika. Lakini yale madude yake hata sijui yanafungwa wapi. Mimi huogopa maji ya beseni!"

Muhonja hakucheka. Daktari alikuwa amempa mambo mawili: jeraha la kisogoni, na mapafu yasiyo na maji. La tatu alilisoma mwenyewe kwenye geji ya mtungi: ulikuwa umejaa pomoni. Nzuki hakuwa amevuta hata pumzi moja chini ya maji. Aliuawa nchi kavu, kisha akavishwa vifaa na kutupwa majini.

Alimwambia Masinde avae mtungi. Masinde aliuvaa juu chini, askari wakaangua kicheko. Muhonja hakumfuta kwenye orodha ya washukiwa. Kutojua kunaweza kuigizwa.

Andati, mshirika wa Nzuki aliyekuwa akijaza mitungi, alijibu kwa utulivu.

"Nilimjazia Ijumaa jioni, nikarudi nyumbani Donholm."

"Wewe huzamii?"

"Nilizamia bandarini Kilindini hadi sikio likapasuka. Humu sijawahi kuingia, madam."

Ndinda, mjane wa Nzuki, aliitwa kutambua vifaa. Aliushika mkanda, akapapasa mabamba ya madini ya risasi ambayo mumewe aliyayeyusha kutoka betri kuukuu za soko la Gikomba.

"Nani ameuchezea? Mume wangu huvaa manne. Haya sita."

"Una hakika, mama?"

"Mimi ndiye humshikia akivaa. Husema maji matamu hayamwinui mtu kama ya chumvi. Mawili huyaacha kwenye banda la vifaa kule timboni." Aliuweka mkanda chini. "Alhamisi aliniambia kambale wamepata nyumba yenye usukani. Nikadhani ni mizaha yake."

Jumapili saa tatu Muhonja alirudi timboni na Simiyu, mzamiaji wa polisi kutoka Kisumu, mwenye umbo la Nzuki. Andati aliitwa bandani.

"Mtayarishie mkanda," Muhonja alisema.

Andati alipachika mabamba moja baada ya jingine, akaishia sita bila kufikiri. Simiyu aliunyanyua.

"Ala! Bwana, unataka niende moja kwa moja hadi kwenye matope? Toa mawili."

"Sita ndiyo kawaida."

"Kawaida ya Kilindini," Muhonja alisema. "Hapa hakuna chumvi. Aliyemvisha Nzuki alijua kila kamba inakofungwa, na alizoea bahari. Luseno na Masinde, hata kama waliigiza kutojua kamba, si watu wa bahari. Nzuki mwenyewe hangeweka sita."

"Huo si ushahidi."

"Hautoshi. Ndiyo maana Simiyu anazamia kutafuta ile nyumba yenye usukani."

Simiyu aliibuka na kibao cha namba ya gari. Muhonja aliitambua: ni ya pikapu ambayo Andati aliripoti kuwa imeibwa Agosti iliyopita, siku moja baada ya mwanamke kugongwa na kuachwa afe kwenye barabara ya Outer Ring.

Andati aliketi juu ya kreti.

"Nilimgonga. Nikaisukuma humu usiku ule ule. Nilijua Nzuki atazamia, lakini upande ule una matope, sikudhani atafika." Alifuta uso. "Alifuata kambale, akaiona. Ijumaa jioni akanipa hadi Jumatatu nijipeleke polisi. Alinigeuzia mgongo aangalie geji. Spana ilikuwa mkononi."

Jumatatu saa sita Luseno aliachiliwa. Saa tisa winchi iliitoa pikapu timboni. Maji yalipokwisha kumwagika mlangoni, kambale wawili walibaki kwenye kiti cha dereva.