Fundi Hayupo Kwenye Picha

Nyamizi na mume wake Lyamba walikuwa na karakana Majengo, mjini Mpanda. Walitengeneza pampu za maji na mashine za kupukuchua mahindi. Lyamba alichomelea vyuma. Injini zilikuwa kazi ya Nyamizi. Alifundishwa na baba yake, na aliziweza.

Mwezi wa sita walichapisha vipeperushi kwa Gaspar, mwenye duka la uchapaji Kashaulili. Kwenye picha, Lyamba alishika spana. Nyamizi alisimama pembeni na aproni, amebeba soda kwenye sinia. Chini paliandikwa: "Kazi ya kiume, waachie wanaume."

"Mbona mimi nagawa soda?" Nyamizi aliuliza.

"Ni picha tu, mama Kabula," Lyamba alijibu. "Matangazo yote yako hivyo."

Nyamizi hakuridhika. Hata hivyo, vipeperushi vikagawiwa.

Wiki iliyofuata Lyamba alikwenda Sitalike kufunga geti. Mzee Luhende akafika na pampu kwenye pikipiki. Nyanya zake zilikuwa zinakauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi. Tuishushe niiangalie."

Mzee akatoa kipeperushi mfukoni. "Fundi ni huyu. Wewe si yule wa soda? Nitamsubiri."

Nyamizi alimweleza mara mbili, mzee hakukubali. Alikaa mpaka jioni, akaondoka na pampu yake. Kesho yake alirudi, akamkuta Lyamba.

"Injini anatengeneza mke wangu," Lyamba alimwambia.

Kabureta ilikuwa imeziba. Nyamizi aliisafisha, na pampu ikawaka kabla mzee hajamaliza chai yake.

"Matuta manne yamekufa jana," mzee Luhende alisema taratibu. "Kumbe nilikuwa nimekaa na fundi."

Lyamba aliona aibu. Mchana alipita Tereza, afisa maendeleo ya jamii wa kata yao. Wakamsimulia, naye akasoma kipeperushi.

"Tangazo la sabuni, mwanamke. La trekta, mwanaume," alisema. "Mtu akiona hivyo kila siku, anaamini bila kufikiri. Mzee wa watu aliamini mlichoandika wenyewe."

"Sasa tufanyeje, dada?" Lyamba aliuliza.

"Kabla ya kuchapa, jiulizeni: nani anafanya kazi hii kweli? Wateja wetu ni nani? Wapo kwenye picha? Halafu badilisheni nafasi. Baba Kabula, ungekubali upigwe picha umebeba sinia la soda?"

Lyamba alicheka kidogo. "Nisingekubali."

"Basi kwa nini yeye akubali?"

Lyamba alikichukua kile kipeperushi. "Maneno yale nilimpa Gaspar mimi," alisema.

"Najua," Nyamizi alijibu. "Twende tukayabadilishe."

Kipeperushi kipya kilimwonyesha Nyamizi amefungua injini, na Lyamba anachomelea. Kiliandikwa: "Nyamizi, fundi injini. Lyamba, fundi kuchomelea. Karibuni, wake kwa waume."

Mwezi haukuisha, akaja Sikujua, mjane mkulima kutoka Sitalike. Mashine ya kupukuchua aliyoileta ilikuwa imekaa stoo miaka miwili.

"Niliogopa mafundi wangenicheka," alisema. "Nilipoona picha yako nikasema, huyu nitamuuliza."

Nyamizi alimwonyesha namna ya kusafisha plagi, akampa kamba avute. Mara ya tatu injini ikanguruma. Lyamba alisogea kumsaidia kuizima.

"Acha, shemeji," Sikujua alisema. "Nazima mwenyewe, halafu nawasha tena."