Kasi ya 5600

"Sindano, unaliona?" Mkuu aliuliza kwenye redio.

"Naliona. Na dereva kaniona."

Gari jeupe la mizigo lilipanda ukingo wa barabara, likabomoa kibanda cha magazeti, likajichomeka uchochoroni. Sindano aliilaza Yamaha yake kwenye kona na kutokea mbele yake. Bastola ya Glock 19 mkononi.

Risasi moja. Tairi la mbele.

Gari likakumbatia ukuta, na kipande cha kioo kikamchana Sindano shavuni.

"Dada, mimi mbebaji tu!" Dereva alitoka mikono juu.

"Mzigo uko wapi?"

"Nimeshashusha asubuhi. Lile jengo lenye antena nyingi."

Lile jengo lilikuwa ofisi ya Sindano, Idara ya Upelelezi.

Sindano alimfunga pingu, akapekua gari. Akapata karatasi ya oda: vijiti thelathini na viwili vya memori kwa ajili ya seva mpya ya Idara. Saa sita mchana seva hiyo ingepakiwa majina ya watoa habari wote wa siri. Na genge lililomtuma dereva huyu lilijulikana kwa kazi moja: kupenyeza vijiti vyenye chipu ya kunakili kila kinachopita.

Chini ya oda, sahihi ya mhandisi wa seva.

Mumewe.

"Usimhukumu," Mkuu alisema kwenye redio. "Huenda wauzaji wamemwingiza mjini."

Sindano alitaka sana kuamini. Kisha akasoma mstari wa kasi.

5600.

Akausoma tena.

Ni mumewe mwenyewe aliyemfundisha, mezani, akipanga vijiko badala ya vijiti. "Ukijaza nusu ya nafasi, 5600 inakimbia kweli. Ukizijaza zote, mashine inajishusha yenyewe hadi 4400. Anayenunua 5600 ili azijaze zote ni mshamba." Watoto wao pacha wakashangilia, "Mshamba! Mshamba!" hadi uji ukawatoka mdomoni.

Seva hii ilikuwa na nafasi thelathini na mbili, na zote zilikuwa zinajazwa. Vijiti vya 4800 vilirundikana stoo ya Idara, na vingetosha. Vya 5600 alikuwa navyo muuzaji mmoja tu mjini, yule wa genge.

Mumewe hakuwa mshamba.

Saa sita kasorobo alisukuma mlango wa chumba cha seva. Baridi. Feni zinanguruma. Mumewe alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi, vijiti vyote vimeshakaa.

"Mama Pacha! Mbona una damu shavuni?"

"Baba Pacha, kwa nini 5600?"

Alitabasamu. Tabasamu halikudumu.

"Nilikosea."

"Wewe?"

Akaweka bisibisi chini polepole.

"Walituahidi nchi nyingine. Wewe, mimi na watoto. Nimechoka, mke wangu. Kila simu ikilia najua naitwa mochwari kukutambua."

"Na walio kwenye orodha? Nao wana wake. Mimi ndiye niliyewaapisha, mmoja mmoja."

"Sema nilidanganywa. Hakuna mwingine humu anayejua hizi hesabu. Ni mimi na wewe tu."

Ilikuwa kweli. Vijiti vingechomolewa, orodha ingepona, na jioni mumewe angekuwa nyumbani anagombana na watoto kuhusu mswaki. Mpaka genge limtafute tena. Na safari hiyo asingenunua kasi ya kijinga.

Redio ikakoroma. "Sindano, dakika kumi tupakie. Jamaa kadanganywa, au vipi?"

Mumewe alimtazama bila kupepesa. Midomo yake ilitamka jina alilomwita nyumbani, bila sauti.

"Hakudanganywa," Sindano alisema. "Msipakie kitu. Leteni pingu."

Sauti haikutetemeka. Machozi yalishuka yenyewe, na hakuyafuta.

"Watoto utawaambia nini?"

"Leo, kwamba uko kazini. Nipe ufunguo wa gari. Siwezi kuwapakia wawili kwenye pikipiki."

Alimkabidhi. Vidole vyao viligusana, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa.

Walinzi waliingia. Sindano alivaa miwani ya jua, akapita katikati yao kwa mwendo wake wa kila siku.

"Kazi safi, mama," mmoja alisema.

Hakugeuka.

Kwenye maegesho aliingia kwenye gari la mumewe. Miguu haikufika kwenye klachi. Akakivuta kiti mbele, akafunga mkanda, akawasha injini. Shule ilikuwa inatoka saa saba.